Mchango wa mtaa usiolea wadoezi: mwongozo kamili

Chukua uchochoro mmoja wa Kisauni, Mombasa, wenye nyumba 40 unaotaka mlinzi wa usiku. Mshahara, makato yake, tochi na koti la mvua vinafika shilingi 24,000 kwa mwezi. Kila nyumba ikitoa 600, kazi imekwisha. Mwezi wa kwanza zinatoa nyumba 33, wa pili 24, wa tatu 15, na mlinzi aliyechoka kungoja pesa zake anahamia lindo jingine. Grupu ya WhatsApp iliyofunguliwa kwa ajili ya mlinzi inabaki ya kutakiana Ijumaa njema.

Watu hulaumu roho za majirani. Tatizo liko kwenye masharti ya mchango, kwa sababu yameandikwa hivi kwamba asiyetoa ndiye anayetoka na faida kubwa. Anayekwenda kula shughuli ambayo hakualikwa tunamwita mdoezi, na neno hilo linamtosha kabisa yule ambaye nadharia ya michezo, yaani hesabu za namna watu wanavyoamua pale uamuzi wa mmoja unapowagusa wengine, imemchunguza kwa zaidi ya miaka 70: anayelala salama kwa mlinzi wa wenzake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kubadilisha masharti ili kudoea kusilipe.

Fanya hesabu ya mdoezi kabla ya kuita kikao

Tuseme ulinzi una thamani ya 1,500 kwa mwezi kwa kila nyumba, yaani kiasi ambacho mtu angekubali kutoa, akibanwa, ili tuktuk yake ilale nje na yeye alale ndani. Nyumba 40 mara 1,500 ni 60,000. Gharama ni 24,000. Basi kila shilingi inayoingia huzaa 2.50, lakini hizo 2.50 hugawanyika kwa nyumba zote 40. Aliyeitoa hurudiwa na senti sita na robo. (Hapa tunachukulia kwamba mlinzi anayelipwa nusu huja nusu ya siku, jambo ambalo kwa kweli ndilo hutokea.)

Sasa linganisha:

- Wote wakitoa 600, kila nyumba inabaki na faida ya 900.
- Wewe usipotoa na wengine 39 watoe, unafaidi 1,462.50 bila kutoa hata ndururu.
- Wewe utoe peke yako, unapata cha 37.50 kwa 600 yako. Hasara 562.50.
- Asitoe yeyote, ni sifuri kwa wote.

Wenzako watoe au wasitoe, ukikaa kimya uko mbele kwa 562.50. Mwanahisabati John Nash alionyesha mwaka 1950 namna michezo ya aina hii inavyotulia mahali ambapo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadilisha uamuzi wake peke yake, na hapa mahali hapo ni sifuri. Mwanauchumi Paul Samuelson akaeleza mwaka 1954 kwa nini vitu vya wote, ambavyo huwezi kumzuia asiyelipa na matumizi yake hayapunguzi yako, havipati pesa za kutosha kwa hiari.

Hata hivyo binadamu si kikokotoo. Katika majaribio ya maabara, watu wanne hupewa vibao 20 vyenye thamani ya pesa kila mmoja, na kila kibao kinachowekwa kwenye chungu humpa kila mmoja wao kibao 0.4. Kwa hesabu tupu hakuna anayepaswa kuweka chochote. Lakini raundi ya kwanza watu kwa kawaida huweka kati ya asilimia 40 na 60, kisha michango huteremka raundi baada ya raundi. Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr waliuliza mwaka 2001 kwa nini inateremka. Waligundua kwamba karibu nusu ya watu hutoa wakiona wenzao wanatoa, na hupunguza wakiona wenzao wanapunguza. Wasiotoa hata iweje walikuwa takriban asilimia 30.

Soma tena 33, 24, 15 kwa jicho hilo. Wengi walioondoka hawakuwa wadoezi. Ni watoaji waliochoka kujiona wajinga. Kazi yako kubwa ni kuwalinda hao. Mdoezi sugu utamshughulikia baadaye, tena kwa nguvu kidogo kuliko unavyodhani.

Jua kwanza kitu chenu ni cha aina gani

Hapa ndipo wenyeviti wengi hukosea, kwa kutumia mchango wa aina moja kwa kila jambo.

Kuna vitu vya kujumlisha: kila shilingi huongeza kidogo, kama kumwaga kifusi barabarani. Kuna vitu vya kizingiti: chini ya kiasi fulani hamna kitu, kama nguzo ya taa au mshahara wa mwezi mzima. Na kuna vitu vya kiungo dhaifu, ambapo anayefanya kidogo kuliko wote ndiye anayeamua hali ya wote. Mtaro wa maji ya mvua ndio mfano wenyewe. Nyumba 39 zikizibua mbele yao na moja ikaacha mifuko na mchanga, masika ya Aprili na Mei yatawarudishia wote maji mlangoni. Mwanauchumi Jack Hirshleifer aliyeeleza jambo hili mwaka 1983 alitumia mfano wa kisiwa ambacho kila mkazi hujenga ukuta wa bahari kwenye kipande chake, na mafuriko huingilia pale ukuta ulipo mfupi. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuchorewa.

Kwa mtaro, basi, usichangishe pesa. Mgawie kila mmoja kipande cha mbele ya nyumba yake, mita tatu au nne, chora mstari wa chokaa, weka siku moja ya Machi, kisha nguvu za vijana zipelekwe kwenye nyumba ya bibi anayeishi peke yake na kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe. Kipande kilichochorwa hakina pa kujificha: uchafu wake una mwenyewe.

Jiulize pia kama kweli hamwezi kumzuia asiyelipa. Maji ya kisima yakiwekewa mfereji wenye kufuli na kuuzwa kwa jerikeni, udoezi umekwisha, hapana haja ya kikao. Feri ya Likoni ingeweza kumtoza kila mwenda kwa miguu. Anavuka bure kwa sababu imeamuliwa hivyo, na wenye magari wanalipa. Chama cha mzunguko nacho hakina mdoezi wa aina hii, kwani usipotoa hupokei zamu yako. Mlinzi wa usiku hana kufuli wala zamu. Kwa hiyo twende naye.

Weka kizingiti, na ahadi ya kurudisha

Usiombe 600 kwa nyumba 40. Omba 750 na utangaze kwamba mlinzi anaanza nyumba 32 zikitoa. 32 mara 750 ni 24,000 kamili. Zisipofika 32 kufikia tarehe iliyowekwa, kila mtu anarudishiwa pesa zake zote.

Sharti hilo moja hubadilisha mchezo. Kwanza, hofu ya kutoa peke yako imeondoka, maana pesa itarudi. Pili, anayejikuta ni wa 32 anaona wazi: akitoa 750 anapata ulinzi wa 1,500, asipotoa hapati kitu. Shilingi yake haizai tena senti sita na robo. Mark Bagnoli na Barton Lipman walithibitisha kwa hesabu mwaka 1989 kwamba kizingiti chenye marejesho kinaweza kufikisha kikundi kwenye lengo bila kulazimishana. John List na David Lucking-Reiley wakajaribu katika uchangishaji halisi wa chuo kikuu cha Central Florida, matokeo yakatoka mwaka 2002: ahadi ya kurudisha pesa iliongeza michango kwa takriban asilimia 20.

Kwa nini 32 na si 40? Ukidai wote, nyumba moja iliyofungwa kwa sababu mwenyewe yuko Lamu inaua mpango mzima, na mkaidi mmoja anakuwa sultani wa mtaa. Acha nafasi ya asilimia 20. Ukishuka hadi 20 kati ya 40, nako ni makosa: kila nyumba italipa 1,200, na nusu ya mtaa itaalikwa kudoea.

Zikitoa zaidi ya 32, ziada irudi kwa waliotoa tu, kama punguzo la mwezi ujao. Zikitoa zote 40, zinaingia 30,000, ziada ni 6,000, kila mmoja anapunguziwa 150, na mwezi ujao analipa 600. Zikitoa 36, ziada ni 3,000, punguzo ni kama 83. Jirani ataanza kumhimiza jirani bila kutumwa.

Tusidanganyane: kizingiti hakimalizi wale wanane wa mwisho. Nyumba 32 zikishatoa, wa 33 bado ana tamaa ya kukaa kimya. Faida ya kizingiti ni kwamba mlinzi hategemei tena hao wanane.

Jaza theluthi ya kwanza kimyakimya

Kabla ya tangazo lolote, zungukia nyumba 10 hadi 12 zinazoheshimika na zinazotofautiana: mwenye duka, ustadhi, mama mwenye meza ya mahamri na viazi karai, mkaa ploti wa muda mrefu, mwenye nyumba mmoja. Pokea kwao pesa, si ahadi. Tangazo la kwanza liseme "tumeshafika 12". Katika jaribio lilelile la Florida, kampeni iliyotangazwa ikiwa na asilimia 67 ya lengo mkononi ilikusanya karibu mara sita ya ile iliyoanza na asilimia 10.

Angalia mchanganyiko wa hao 12. Wakiwa wote wa msikiti mmoja, kabila moja au upande mmoja wa barabara, wengine watasoma kwamba mlinzi ni wao. Edward Miguel na Mary Kay Gugerty, waliochunguza shule na visima vya magharibi mwa Kenya na kuchapisha mwaka 2005, waliona kwamba palipo na mchanganyiko mkubwa wa makabila michango hupungua, na wakaeleza sababu: watu huona taabu kumkemea asiye wa kwao. Dawa ni kuwa na mkusanyaji kutoka kila upande, ili kila mtu akumbushwe na wake.

Mwenye duka anaweza kufaidi zaidi ya wote na akajitolea kulipa theluthi. Mshukuru, umwombe anunue tochi, filimbi na taa ya geti. Mheshimiwa akija na bahasha wakati wa kampeni, mwelekeze kwenye nguzo ya taa vilevile. Mshahara wa kila mwezi usiwe na mfadhili: siku akiacha, watoaji watakuwa wamesahau kutoa.

Gawa mtaa na uonyeshe orodha

Nyumba 40 ni umati. Nyumba nane ni watu. Gawa vikundi vitano, kila kimoja na mkusanyaji wake. Palipo na Nyumba Kumi, yaani vikundi vya majirani vya usalama, inayofanya kazi, tumia mipaka hiyohiyo.

Tumia laini ya simu ya kikundi tu, isiyopokea pesa za mtu binafsi, au akaunti ya benki au sacco inayotaka saini mbili. Taarifa ya M-Pesa ya mwezi ibandikwe kwenye grupu na ukutani mwa duka. Mchango unaopita kwenye simu ya mwenyekiti hufa hata kama mwenyekiti ni mwaminifu, kwa sababu mtoaji anayesubiri kuona wenzake haoni kitu.

Ujumbe wa kila jioni uwe mfupi na uwe wa namna hii:

"Habari za jioni majirani. Leo tarehe 6 tumefika nyumba 27. Zabaki 5 na siku 2. Tusipofika 32, kila aliyetoa atarudishiwa 750 yake tarehe 9 na mlinzi hataanza. Zilizotoa: 1, 2, 3, 5, 6, 8..."

Namba za nyumba, si majina wala namba za simu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na heshima ya jirani ni ya zamani kuliko hiyo. Orodhesha waliotoa. Ukiandika "nyumba 13 hazijatoa", umemwambia mtoaji mwenye mashaka kwamba kutotoa ni jambo la kawaida, na kesho watakuwa 15.

Anayepata pesa kwa siku, kama mwenye mkokoteni wa maji au kibarua wa bandarini, asidaiwe 750 kwa mkupuo. Ni 25 kwa siku au 175 kwa wiki, na ianze wiki nne kabla ili ifike kwa wakati. Wengi wanaoitwa wadoezi wameshindwa na tarehe tu.

Wapangaji ni sura nyingine. Anayejua kwamba mwisho wa mwezi anahama hana sababu ya kulinda jina lake hapa. Mkishikana na wenye nyumba watatu wenye vyumba vingi, 750 ikaingizwa kwenye kodi, mmemaliza sehemu kubwa ya kazi kwa vikao vitatu. Hatari yake ni mwenye nyumba kupokea na kukaa nazo. Basi vyumba vyake viorodheshwe kimoja kimoja siku anayowasilisha, mpangaji aone chake kimefika.

Adhabu: anza chini, panda polepole

Watu wanapokutana kila mwezi bila kikomo, kuna nguvu nyingine. Tukirudi kwenye hesabu ya mwanzo ya 600, kama mtaa mzima ungevunja ulinzi pindi mmoja akidoea, kudoea kungempa 1,462.50 mara moja na sifuri baadaye, dhidi ya 900 kila mwezi. Ukipiga hesabu, akiamini kwamba uwezekano wa mpango kufika mwezi ujao unazidi asilimia 38.5, kutoa kunamfaa. Kwenye karatasi inapendeza. Mtaani haifanyi kazi, kwa sababu hakuna atakayemfukuza mlinzi wa nyumba 39 kwa kosa la nyumba moja, na mdoezi anajua. Adhabu lazima imguse yeye peke yake.

Faini hufikiriwa kwanza na hufaa mwishoni. Faida ya kudoea ni 562.50; kama nafasi ya kuipata faini ni nusu kwa nusu, faini lazima ipite 1,125, na hiyo inaleta ugomvi. Tena faini ndogo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya watoto mjini Haifa, na 6 kati yake vikaanza kuwatoza wazazi wanaochelewa shekeli 10. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Wazazi walikuwa wameona aibu. Sasa waliona bei.

Fehr na Gächter waliporuhusu wachezaji kuadhibiana, mwaka 2000, michango ilipanda badala ya kuteremka, ingawa aliyeadhibu alilipia. Lakini majaribio ya Benedikt Herrmann na wenzake katika miji 16, ya mwaka 2008, yalionyesha kwamba mahali pengine walioadhibiwa hulipiza kwa watoaji wazuri. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza mifereji, misitu na malisho ya pamoja, alikuta vikundi vilivyodumu vikianza na adhabu ndogo sana. Ngazi zenu ziwe hizi.

Ya kwanza ni kubisha hodi, mtu mmoja, bila daftari mkononi.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante mama. Nyumba yako sijaiona kwenye orodha, nikasema nije nijue kama kuna jambo."

Kisha nyamaza. Mara nyingi jambo lipo: mgonjwa, kazi imekatika, au ujumbe haukuonekana. Mwenye udhuru wa kweli apewe kazi, kama kumpelekea mlinzi chai saa nne usiku, na nyumba yake iingie kwenye orodha kama zilizotoa.

Ya pili: hana punguzo la ziada. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye meno: huduma za mtu binafsi. Mlinzi anatembea uchochoro mzima kwa wote, lakini kuangalia pikipiki iliyoegeshwa, kupokea mzigo, kusindikiza anayerudi usiku kutoka stejini na kufungua geti baada ya saa tano ni kwa nyumba zilizo kwenye orodha. Hapo mmeweka kufuli kwenye sehemu inayofungika. Mancur Olson alishaeleza mwaka 1965 kwamba vikundi vikubwa hushikamana kwa motisha anazopata mwanachama pekee. Ya nne ni mzee wa mtaa kuitwa.

Msikate maji ya mtu, msifunge mlango wake, msimtangaze msikitini wala kanisani. Na mwizi akiingia nyumba isiyolipa, mlinzi apige filimbi vilevile. Siku akikaa kimya, nyumba zote 40 zimepoteza ulinzi.

Mkusanyaji naye anadoewa

Kuna mdoezi wa ngazi ya pili: anayetoa vizuri lakini hataki kamwe kubisha hodi kwa mwingine. Kazi ya kudai ni kitu cha wote pia, na kila mtu humwachia mwenzake. Mlipe mkusanyaji kwa kumsamehe mchango wake wa mwezi, na muongeze nyumba tano za wakusanyaji kwenye kizingiti: waliolipa wawe 32 bila kuwahesabu wao. Wabadilishwe kila miezi minne, wasichokwe na kuchoka.

Kalenda ya mwezi wa kwanza

Wiki nne kabla: wa 25 kwa siku waanze, na zile nyumba 12 za mwanzo. Tarehe 1, baada ya mishahara na kabla ya kodi kumaliza mifuko: tangazo. Tarehe 1 hadi 8: ujumbe wa kila jioni, na hodi zianze tarehe 5. Tarehe 8 saa mbili usiku: hesabu inafungwa mbele ya watu wasiopungua watatu. Zikifika 32, mlinzi anaanza tarehe 10.

Zikifika 29, shawishi litakuwa kubwa la kuanza hivyohivyo na kutafuta 2,250 iliyopungua. Usikubali. Rudisha pesa zote 29 asubuhi ya tarehe 9, gharama ya kutuma ikilipwa na wale 12 wa mwanzo, na upige picha ya taarifa ya marejesho uiweke kwenye grupu. Uchochoro ulale bila mlinzi mwezi huo. Tarehe 1 inayofuata anza upya kwa 750 ileile na kizingiti kilekile.